Sahani Moja

…"mu sahani moja", ndivyo alivyosema Ngabo, baba yake Tuyishime, kabla mimi sijafungua mdomo, "banakulaka mu sahani moja, Mama muganga, huyu shemeji yangu hachagulake mutoto", na sasa muuguzi Joséphine-Marie ameinamia karatasi aandike hivyo hivyo, ila kalamu imegoma, wino hautoki, anaisugua pembeni mwa karatasi, duara, duara nyingine, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeshika mguu wa Tuyishime, mguu wa moto, kifua chake kinaingia ndani kila anapovuta hewa, chini ya mbavu panabonyea, panarudi, panabonyea, na ile mirija miwili ya oksijeni puani, na mashine inanguruma chini ya kitanda, na nje barazani Kétsia wangu anaimba, namsikia, anaruka maji ya mvua na kuimba, Kétsia aliyeanza kukohoa Jumatatu pamoja na huyu, siku moja, kitanda kimoja, blanketi moja, na Ijumaa akaamka akaomba viazi, na huyu Ijumaa hakuamka, nilimwita Tuyishime, Tuyishime, akafungua macho tu, midomo imebadilika rangi, nikamfunga mgongoni nikateremka naye mpaka hapa Karuba nikikimbia…

"Hii kitu haieleweke, Mama Kétsia", muuguzi alisema hivi punde, hakusema kwa ukali, angesema kwa ukali ningepata pa kushika, alisema polepole kwa sauti yake ya watu wa Butembo, "bote biko na miaka ine, mafua iliingia kwenu ni moja, virisi ni moja, ule wako imeishia mu pua, huyu wa dada yako imeshuka mu mapafu", akamwita Kétsia kutoka barazani, akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia lishe ya watoto, ukasimama kwenye kijani, akamwachia arudi kucheza, akamzungushia Tuyishime, ukasimama kwenye njano, pembeni kabisa, karibu na nyekundu, akautoa, akaupima tena, ukasimama palepale, ndipo akaniuliza, mimi, hakumuuliza Ngabo, "banakulaka chakula moja?", na akanieleza kwa nini anauliza, "mwili yenye inakosa mayai, maharagi, maziwa, ikipata mafua inakosa ya kupiganisha, haiko kila mara, lakini mingi njo vile tunaonaka hapa, sasa niambie, kama hakulake vizuri ninamuanzisha maziwa ya dawa leo leo, abakie hapa na mashine yake, lakini kama anakulaka vizuri, basi kuko ugonjwa ingine yenye inajificha, lazima nimutume ku hospitali kubwa, bamupige radio, ile picha ya ndani ya kifua"… hospitali kubwa, na pikipiki, na ile barabara ya matope, na mashine ya oksijeni haipandi pikipiki, nilimwona muuguzi mwenyewe akiitazama mashine aliposema hivyo, na Ngabo akajibu haraka, akajibu kwa furaha, kama mtu anayenitetea, mu sahani moja…

Na si uongo, sahani ni moja kweli, ile ya bati yenye ua jekundu, niliitoa Bihambwe siku tuliyokimbia, wanaikalia wawili, bugali katikati, sombe ya majani ya muhogo pembeni, jirani yangu Emérence akipita anasema Mungu akubariki Emérita, mtoto wa marehemu unamlisha kama wako, na mimi naitikia amina… lakini sambaza, zile samaki ndogo, nikizipata, kiganja kimoja kwa wiki, naziponda, nazitia upande mmoja wa sombe, upande mmoja tu, kisha naiweka sahani chini na kuigeuza kidogo, kidogo tu, mkono unafanya wenyewe, upande wenye sambaza unamwelekea Kétsia, na watoto wa kwetu wamefundishwa, kila mtu anakula mbele yake, hanyooshi mkono upande wa mwenzake, ni mimi niliyewafundisha hivyo, Tuyishime anakula mbele yake, anakula sana, anashiba, tumbo linajaa, nani atasema nilimlaza mtoto njaa, hakuna, hakulala njaa hata siku moja, andika hivyo Mama muganga, hakulala njaa…

Na vita, kwa nini hamuulizi vita, tulikuwa na ng'ombe Bihambwe, tulikuwa na maharagi ya msimu mzima, watoto walikunywa maziwa wakaacha mengine kwenye kikombe, waulizwe waliomswaga ng'ombe wetu, mume wangu Hubert amerudi huko kuangalia kama shamba bado lipo na hajarudi wiki ya tatu, tulifika hapa na kuku mmoja, kuku mmoja kwa watu wanne, anataga leo, kesho hatagi, yai moja utaligawa vipi… lakini linagawanyika, yai linagawanyika, nilikuwa na kisu, siku ya kwanza nilitaka kuligawa, nililichemsha, nikalimenya, Tuyishime alikuwa mtoni na watoto wa jirani, nikasema nitamwekea nusu, Kétsia akala nusu yake akaitazama ile nyingine, na Kétsia alizaliwa wa miezi saba, mdogo wa kutoshea mikono miwili, nilimlea kifuani kwa joto langu, kila nikimtazama bado namwona vile, nikasema kula, yule mwingine ana mifupa ya baba yake, yule ana nguvu, nikampangusa mdomo, nikatupa maganda mbali… kwa nini niliyatupa mbali… siku ya kwanza ilikuwa bahati, siku ya pili nilimtuma mwenyewe, Tuyishime, nenda mtoni kuangalia kama nguo zimekauka, na nguo sikuwa nimefua, akaenda akarudi akasema mama mudogo, sikuona nguo, nikasema basi, labda nimesahau, na siku iliyofuata nikamtuma tena, na akaenda, siku zote anaenda…

Kalamu bado, muuguzi anaitikisa, anaipulizia hewa ya mdomo, Ngabo ananitazama na kutabasamu, mabuti yake yana matope mpaka magotini, siku mbili kutoka Walikale, kwa mguu na kwa pikipiki, huko anakochimba mawe tangu dada yangu Libérata alipokufa, aliponiletea mtoto alisimama mlangoni na kifuko cha nguo akasema "Mama Kétsia, sina mwingine", na leo, alikuja kutusalimia tu akaelekezwa hapa, ameingia amebeba kopo la maziwa ya unga, akaliweka kitandani, "ya batoto bawili", amesema, wawili, hakusema ya mtoto wangu, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, "aksanti shemeji, Libérata anakuona", na mimi mkono wangu ukabaki ndani ya mikono yake, sikuweza kuutoa… Libérata ananiona… Libérata aliyenibeba mgongoni tukiwa wadogo, aliyekuwa akiniachia maziwa yenye malai juu akisema yeye tumbo linamuuma, na nilimwamini, miaka yote niliamini dada yangu ana tumbo linalouma kwa maziwa… na Jumapili ile baada ya misa Emérence alipowapa watoto mayai mawili, kila mtu lake, Tuyishime alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalizungusha, akamwendea Kétsia akampa, "chukua, mi sipendake mayai", Emérence akacheka, "mutoto gani huyu hapendake mayai", na mimi nikacheka pia, nilicheka, na mtoto hakuwa amewahi kuonja yai tangu tufike hapa, angejuaje kama halipendi, hakukumbuka ladha yake, alijua ni la nani, alikuwa amejua muda wote, kule mtoni alikuwa akienda kutafuta nguo huku anajua hakuna nguo, miaka minne, anazunguka kando ya maji mpaka aone muda umetosha, ndipo arudi, ili nisione aibu… na niliporudi nyumbani Jumapili ile nilisema moyoni vizuri, hapendi, basi tatizo limekwisha…

Nikisema, Ngabo atamchukua, atamchukua ampeleke Walikale kwenye vibanda vya wachimbaji, au kwa mama yake mzee, na watu wa hapa watajua, Emérence atajua, amina zangu zote watazihesabu upya, na Hubert akirudi atakuta mke mwingine mwenye jina langu, na Kétsia siku moja ataelewa alishibishwa na nini… nikinyamaza, muuguzi ataandika anakula vizuri, basi ni ugonjwa mwingine, basi watamfunga kwenye pikipiki mgongoni mwa baba yake na mirija itatolewa puani, saa tano, saa sita za matope, na kifua hiki kinachobonyea hapa mbele yangu kitabonyea mara ngapi kabla ya kufika, na pengine hawatafika, na Ngabo atarudi, atanishika mikono tena, atasema aksanti shemeji, ulifanya yote, na nitaitikia, najua nitaitikia, nimeshajizoeza, nitaitikia mpaka nife… ni hilo linaloniogopesha kuliko aibu, kwamba naweza, kwamba mdomo wangu unaweza kabisa, Mungu wangu, mbona ni rahisi hivi… acha amchukue, ili amchukue lazima awepo wa kuchukuliwa, acha watu wa Karuba waseme, waseme mwaka mzima, Tuyishime atakuwa mahali fulani anapumua wakati wanasema, vita vilichukua ng'ombe, ndiyo, vita vilichukua maharagi, lakini vita havikunituma nimtume mtoto mtoni, hapo tulikuwa mimi na yeye tu, na yeye amenifichia siri yangu vya kutosha, mguu wake huu umetembea vya kutosha…

Wino umetoka, naona, alama ya buluu, muuguzi anasogeza mkono kwenye mstari wake, anasema polepole huku anaandika herufi ya kwanza, "a-na-ku-la…", nje Kétsia amebadilisha wimbo, kifua kinabonyea, kinarudi, na nasikia sauti, nachelewa kujua kwamba ni yangu, "Mama muganga, usiandike vile", na muuguzi anainua kichwa, "huyu hakulake sawa na wangu, kuko vitu nilikuwa namupatia Kétsia tu, mayai, samaki, na huyu namutuma mbali asione, haiko vita, ni mie", na Ngabo ananigeukia, tabasamu lake la shukrani bado liko usoni, halijapata habari, na mimi namtazama hapohapo usoni nisije nikaacha, naendelea kusema, tangu lini, mara ngapi kwa wiki…