Kitufe cha Fundi Saa

Bisibisi ilimtoka mkononi mara ya tatu asubuhi ile, na Stambuli akaitukana. Alisema ni bisibisi ya hovyo, mpini mwembamba, haishikiki. Jamani, bisibisi ile alikuwa nayo mwaka wa kumi na tisa! Ilikwisha kuingia matumboni mwa saa za nusu ya mji wa Morogoro na kutoka salama bila kulaumiwa hata siku moja. Lakini mtu mwenye hofu hakosi wa kumsingizia, na wiki ile Stambuli alikuwa amekwisha kusingizia baridi inayoshuka mlimani, chai kali, meza, miwani, na mteja mmoja aliyekohoa tu, maskini, wala hakuwa na neno.

Alichoogopa ni mkono wake wa kulia. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuthubutu kulisema. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeanza kusuguana vyenyewe, taratibu, hasa mkono ukiwa umepumzika. Na fundi saa hana mtaji mwingine. Wenzake walikwisha kuhamia kwenye simu. Yeye alibaki na saa kwa sababu pale sokoni hakuwepo mwingine wa kuirudisha kamani, ile springi nyembamba ya saa, mahali pake kwa pumzi moja. Mkono ukienda, na yeye kaenda.

Aliujua mwendo wa jambo hilo, ndiyo maana usingizi ulimkataa. Baba yake, Mzee Abdulatif wa Mkuyuni, alianza hivyo hivyo. Vidole vilisuguana mchana kutwa, na watu wa Mkuyuni, kwa wema wao, wakasema mzee amefikia daraja, anavuta uradi bila tasbihi. Walimpisha njia. Wengine walimletea watoto awawekee mkono ule kichwani na kuwaombea dua. Hospitali hakupelekwa, kwani nani ampeleke mcha Mungu hospitali kwa sababu ya ibada yake? Mwaka wa pili akawa anajimwagia uji kifuani. Wa tano akawa analishwa, uso umekakamaa, macho tu ndiyo yanayozunguka yakiomba radhi. Aliyekuwa akimlisha ni Stambuli.

Sasa hii habari ya darubini. Mwenye darubini ni Thobias, mwalimu mstaafu wa fizikia anayeishi Kihonda, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wake wa miaka ishirini. Thobias aliiunda mwenyewe kwa bomba la maji la plastiki na kioo alichotumiwa na mwanawe. Ubavuni mwa bomba aliweka tundu la kuchungulia, na kando ya tundu kirungu cha kuzungusha. Ukikizungusha kidogo, picha inakuwa kali, ukipitiliza, inafifia.

Mwezi mmoja nyuma alimwita Stambuli aje auone mwezi, akajisifu kwamba mwezi ni mali ya ukoo wao, hata jina la kabila linasema, kwa hiyo Mluguru atazame kwa adabu. Stambuli akaweka jicho, akashika kirungu. Mwezi ukaanza kuruka. Usidhani ulitikisika mara moja ukatulia, la, uliruka na kuruka na kuruka, hata akauliza kwa sauti kulikoni. Thobias akamjibu kwamba mwezi umemwona mtumwa wa wenyewe, ndiyo unamchezea ngoma, akacheka mpaka akakohoa. Stambuli naye akacheka. Utani ni utani, haununiwi. Lakini haraka haraka akasema miguu ya darubini ni mibovu.

Thobias hakukataa moja kwa moja. Alieleza kwamba kila mkono hutikisa darubini, hata mkono wa daktari, ndiyo maana wenye uwezo hufunga mota wasiguse kitu. Mkono wake yeye ulipokishika kirungu picha ilitikisika kidogo, kisha ikatulia. Hilo la kutulia Stambuli alijifanya hakulisikia. Alilishika lile la kwanza, la kila mkono, akaling'ang'ania kama mtu anayechukuliwa na mto.

"Nitakufungia mota," alisema papo hapo. "Mtu asiliguse bomba kabisa."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mkono usipogusa, mkono hautapimwa. Watu wa namna hii wako wengi: nyumba inavuja, yeye anahamisha kitanda.

Wiki tatu alihangaika na kidude kile. Mota aliing'oa kwenye printa mbovu. Gia mbili alizitoa kwenye saa ya kengele iliyokwisha kufa, na mkanda mwembamba kwenye redio ya kaseti. Alifanya kazi saa ambazo soko limetulia, mgongo kaipa njia, kiwiko kakibana kwenye ukingo wa meza na mkono wa kushoto umeshika kifundo cha wa kulia kama askari aliyekamata mwizi. Kuunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa kulimtoa jasho, kwani risasi haingoji, na mara mbili ilimdondokea pajani. Akisikia hatua za mteja, mkono anautia mfukoni. Akitoa salamu, anatoa kwa nyodo asiyokuwa nayo zamani, na wateja wakaanza kusema fundi amebadilika, amekuwa na maringo.

Hata hivyo alikuwa fundi. Siku gia ya saa ilipokamatana meno na gia ya mota na zikazunguka bila mkwaruzo, alifurahi kweli. Kitufe alikifunga kwenye mwisho wa waya mrefu, ili mtu asimame hatua mbili kutoka kwenye bomba. Ukikibonyeza, mota inanguruma na kirungu kinazunguka pole pole. Ukikiachia, inasimama hapo hapo. Alikijaribu mezani kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa umeshika kidude chenyewe kisiruke, hivyo ndivyo alivyojiambia.

Jumamosi ile, baada ya sala ya magharibi, walikuwa wote uani kwa Thobias, Kihonda: Thobias, Stambuli, na mke wa Stambuli, Maimuna, ambaye Thobias alisema shemeji lazima aje aone mali ya Wanyamwezi. Mwezi ulikuwa wa siku tano, umeinama upande wa magharibi. Thobias aliwapokea kwa matusi yake ya kawaida, akamuuliza Maimuna huyu mtumwa anamlisha nini mbona amekonda, kisha akafunga kidude kwenye darubini kwa skrubu mbili na kukisifu bila utani kwa muda mfupi sana.

Thobias alikuwa wa kwanza kukishika kitufe. Mota ikatoa sauti moja, ndefu, laini, na yeye jicho likiwa kwenye tundu akasema mashimo ya mwezi anayaona mpaka kingo zake. Hakuna kilichotikisika. Maimuna akafuata. Sauti ile ile, ndefu, laini. Alikaa pale kitambo, akasema subhanallah kwa sauti ndogo. Stambuli moyo ulikuwa umeshuka mahali pake. Ulimwengu mzima ulikuwa umetulia, na aliyeutuliza ni yeye.

Maimuna akampa kitufe.

Alikipokea kwa mkono wa kulia, maana kupokea kwa kushoto ni utovu wa adabu, na mkono hukumbuka adabu kabla ya mwenyewe kukumbuka. Akaweka jicho. Akabonyeza.

Trr. Trr. Trr. Trr.

Mota ilishika na kuachia, ikashika na kuachia, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Mwezi ulikuwa hauruki tena. Ulikuwa unafifia na kuwa mkali, unafifia na kuwa mkali, kila gumba lilipolegea na kukaza. Mkono wake ulikuwa umepewa sauti, na sauti inasikika mpaka kwa jirani.

Akaachia. Akasema waya umelegea. Thobias akachutama, akaukagua waya kwa tochi ya simu, akasema uko imara. Basi kitufe ni kibovu, alisema Stambuli, na bahati alikuwa na cha akiba mfukoni. Wakakibadilisha. Thobias ndiye aliyesokota nyaya, na wala hakuuliza kwa nini fundi hafanyi mwenyewe. Stambuli akabonyeza kile kipya.

Trr. Trr. Trr.

Akakihamishia mkono wa kushoto. Sijui kwa nini alifanya vile. Labda mtu akifukuzwa sana hufika mahali akageuka. Akabonyeza kwa kushoto, na mota ikanguruma sauti moja, ndefu, laini, mpaka alipoiachia.

Wa kusingiziwa alikuwa amekwisha.

Akangoja utani. Aliungoja kama mgonjwa anavyongoja sindano, umchome upite. Ni lazima uje, kwa sababu Thobias hakuna mahali aliposhindwa kutania. Siku ya kumzika Mzee Abdulatif alivaa kanzu ya marehemu, akakaa kando ya kaburi, akautetemesha mkono wake kama mzee alivyokuwa akifanya, akidai hazikwi mtu mpaka watani wapewe haki yao. Watu walicheka huku wanalia, na Stambuli alicheka kuliko wote. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Hata mauti anayatia adabu.

Thobias alikuwa ameinamisha kichwa, anazima tochi ambayo ilikwisha kuzimika.

"Nitanie, Mnyamwezi," alisema Stambuli.

Thobias akaitia simu mfukoni.

"Nitukane. Sema mtumwa wako ameanza uzee. Sema lolote."

"Leo sina, ndugu yangu," alijibu Thobias.

Ndugu yangu! Miaka ishirini hakupata kumwita hivyo. Hofu aliyoikimbia Stambuli miezi yote ile ilimjaa sasa mwili mzima, akakaa chini palepale kwenye vumbi na suruali yake ya kutokea. Alitaka kumwambia Maimuna kwamba ni uchovu, kwamba atapumzika wiki mbili. Maimuna alikuwa amekwisha kuchutama mbele yake.

"Baba Shamsia," alisema, "tangu Ramadhani sijakujazia kikombe, usije ukajimwagia."

Stambuli akamtazama. Akakumbuka vikombe vyote vile vya chai, nusu, nusu, nusu, na yeye akidhani sukari imepanda bei.

"Jumatatu tunakwenda hospitali," Maimuna akaendelea. "Baba yako hakuwa na mtu wa kumwambia. Mimi nakwambia."

Stambuli aliutoa mkono wa kulia mfukoni, akamwekea mapajani, na kwa mara ya kwanza akauacha utetemeke mbele ya watu.