Mikono Isiyotulia

Jumatatu, tarehe kumi na mbili Januari. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi kidogo. Nilisali, nikamwamsha mdogo wangu, tukaenda chuo cha uuguzi. Alikuwa amekataa katakata niende peke yangu. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, na mimi ndiye niliyemlea.

Kwenye benchi la usaili vijana walinyanyuka. "Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni, wanangu. Mimi mwombaji mwenzenu."

Wakaangua kicheko, nami nikacheka, ingawa roho ilikuwa juu juu. Masomo ya jioni yalinipa cheti cha sekondari, lakini kemia niliponea chupuchupu. Mwaka jana walitazama alama tu, nikaachwa. Mwaka huu chuo kilisema kitamtazama na mtu mwenyewe: alikotoka, aliyoyapitia, anachokuja nacho. Wakinikataa tena, mwakani umri hautaniruhusu kuomba.

Ndani walikuwa wawili, mkuu wa chuo na matroni wa hospitali. Nilikuwa nimejiapiza kutuliza mikono mapajani. Wapi! Swali la kwanza tu, ikaruka. Nyumbani kwetu hakuna anayeongea kwa mdomo peke yake.

"Mama, unafukuza nzi?" mkuu akauliza.

Uso uliniwaka moto. "Samahani, mwalimu. Ni lugha ya alama. Mdogo wangu ni kiziwi, basi mikono inaongea bila kuniuliza."

Matroni akaweka kalamu chini. "Juzi tulimpokea mjamzito kiziwi. Sisi kazi yetu kumpigia kelele tu! Alijifungua hajui tunamwambia nini." Akamgeukia mkuu. "Wanafunzi wetu wote wana alama nzuri, na hakuna aliyeweza hata kumwambia pole."

"Na kemia?" mkuu akaniuliza.

"Kemia nitaisoma mpaka inizoee," nikasema. "Mungu akinipa uzima."

Mkuu akatabasamu. "Basi karibu chuoni, mama."

Nikamshukuru Mungu palepale, nikaomba mdogo wangu aingie. Nilipomwambia, alijipiga kifua kama aliyefaulu ni yeye. Kisha akanionyesha kwa mikono: waahidi, nikiona.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, na mikono ikasema pamoja nami:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: kwenye zamu yangu, hakuna mgonjwa atakayeguswa kabla hajaelewa anafanyiwa nini."