Fungu la Kiema

Mimi Kalunde ulimi wangu hauna breki, na Mutomo nzima inajua. Nina hoteli ndogo karibu na soko la mbuzi, na kanisani mimi ndiye kiongozi wa akina mama. Nikianza kueleza Maandiko, hata mchungaji hungoja nimalize. Nilikuwa najivunia jambo hilo kupita kiasi. Siku hizi linanitia aibu, lakini acha niseme lilivyokuwa.

Kiema ni mdogo wa marehemu mume wangu. Baba yao alikuwa mtunza ithembo, pale mahali pa kale ambapo wazee huchinja mbuzi mweusi kuomba mvua. Alipokufa, kazi ile ilipaswa kumwangukia Kiema, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameshatangulia. Kiema akakataa. Mimi ndiye niliyempeleka kanisani, nikamkalisha kando yangu, nikamfundisha kusali. Alikuwa muumini wa wasiwasi. Kigoda cha baba yake, kiti cha mtunza ithembo, alikificha ghalani chini ya magunia, na badala ya kupita njia ya ithembo alikuwa anazunguka mbali kupitia mtoni, hata kama amebeba mzigo. Nilikuwa namcheka. Ubatizo wake ulipangwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, na hakuna kitu alichokitamani kuliko siku hiyo.

Mvua ilikuwa imetukimbia misimu mitatu. Alhamisi kabla ya ubatizo, asubuhi saa nne, Kiema akaingia hotelini na furushi la majani ya mbono, amelishika mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba nyoka. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Shemeji, Mzee Nzomo wa ithembo ameniachia hii. Wamechinja jana kule. Ni paja, ile fungu ya baba."

"Na wewe ukapokea?"

"Nimeikuta kwa mlango. Sijui nitupe, nichome ama nizike. Unajua mtu akikula hii, ameitika. Amekubali ile kazi. Niambie nifanye nini."

Mtu mwenye akili angemwambia, twende tukazike, nitakushikia jembe. Dakika kumi tu na mambo yangeisha. Lakini kulikuwa na wateja wawili mezani, na mimi nikiona watu wananitazama huwa sijui kunyamaza. Nikacheka.

"Kiema, huyu mbuzi aliumbwa na nani? Si Mungu? Hayo mawe ya huko hayajui hata kuchinja kuku. Yesu ametuweka huru. Nyama ni nyama tu!"

Wateja wakacheka. Nikalichukua lile paja, nikatoa mfupa, nikakaanga nyama kwa vitunguu mpaka harufu ikafika barabarani. Nikapakua sahani mbili pamoja na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, nikaanza kula mimi. Ilikuwa tamu, sitadanganya, maana kwa ukame ule nyama nono ilikuwa adimu. Kiema alikuwa anatazama sahani yake.

"Kula, bwana. Ama imani yako inaogopa sufuria?"

Akala vipande vitatu. Alitafuna amefumba macho. Niliona wazi kwamba hakuwa anakula kile nilichokuwa nakula mimi. Niliona, na bado nikamwongezea mchuzi.

Saa sita Kiema alikuwa ameshaondoka. Mzee Nzomo akaja, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Ameikula?"

"Tumekula sisi wote, mzee, na hakuna mtu amekufa."

"Hakuna mtu alisema mtakufa, Mama Kanini." Aliniita kwa jina la binti yangu, kwa upole, kama mtu aliyekuja kutoa pole. "Nipe tu mfupa, wazee waone fungu limeliwa."

Nikampa. Akaugeuza kwenye mwanga akiangalia kama umevunjika mahali. Ulikuwa mzima. Akaufunga kwenye kitambaa cheupe alichokuja nacho tayari, akashukuru, akaenda zake. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijiambia ni upuuzi wa wazee, nikaosha sufuria ile mara mbili.

Jumapili Kiema hakufika. Tenki la ubatizo tulikuwa tumelijaza kwa maji yaliyobebwa na punda, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Baada ya ibada nikaenda kwake. Kigoda cha baba yake kilikuwa uani, kimepakwa mafuta, na yeye amekikalia, amenyolewa kichwa. Alikuwa ametulia. Kanisani sikuwahi kumwona ametulia hata siku moja, na utulivu ule ulinikata maini.

"Kiema, Mungu anasamehe. Twende, maji bado iko."

"Wewe ulikula nyama, shemeji. Mimi nilikuwa najua ile kitu ninakula, na nikaikula. Sasa nikifunga macho niombe, ninaiskia hapa kwa ulimi." Akagusa mdomo wake. "Nitaomba aje na hii mdomo?"

Mimi, mwalimu wa wote, nikarudi nyumbani peke yangu. Kuhusu nyama sikukosea, na hata leo nitabishana na yeyote. Nilikosea kuhusu mtu. Uhuru wangu nilimlazimisha auvae, na haukumtosha.

Jumanne ikanyesha, mvua kubwa. Watu walicheza kwenye matope na mimi nikasimama jikoni nikiichukia. Novemba ni mwezi wa mvua, hata mtoto anajua! Lakini nani angemwambia Kiema hivyo akasikia? Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mapema.

Tukavuna. Mwezi wa pili wazee wakachinja tena, kushukuru, na aliyeshika kisu alikuwa Kiema. Kesho yake akaja hotelini na furushi la majani ya mbono. Safari hii alikuwa amelibeba kifuani. Akaliweka juu ya meza na kulifungua.

"Hii ni fungu yako. Wazee wanasema siku ile tuliitika wawili."

Nikaitazama. Nyama safi, nyekundu, ya mbuzi wa Mungu yule yule. Mkono wangu ukakataa kabisa kuigusa.

"Kula, shemeji. Si ni nyama tu?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza kweli, ameinama kidogo, akitazama uso wangu kwa tumaini lililoniumiza roho. Nikila, ameona nimeungana nao. Nikikataa, ameona hata mimi naogopa.

"Sitakula," nikasema, na machozi yakanitoka. "Siogopi nyama, Kiema. Sitakula kwa sababu yako. Sitaki uumie tena."



"Hiyo neno," akasema, "ungeniambia ile siku."

Akafunika nyama kwa majani, akaiacha pale mezani, akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni nione atapita wapi. Hakuzunguka kupitia mtoni. Alishika njia ya ithembo, akitembea bila haraka.