Salamu za Shangazi

Katika shirika letu, neno dawa halitamkwi mlangoni pa mtu. Anayepeleka vidonge vya kufubaza virusi hubisha hodi na kusema, "Shangazi anakusalimu," na mwenyeji humkaribisha. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na sijamruhusu mfanyakazi yeyote kuivunja.

Mchana ule umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nilibisha kwa mshonaji mmoja, mwanamke aliyeolewa karibuni, ambaye vidonge vyake vilikuwa vimekwisha jana yake. Chupa ilikuwa mfukoni mwangu, imeshindiliwa pamba ili isilie. Aliyefungua mlango ni mumewe. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Pasipo umeme hana kazi.

"Shangazi anamsalimu mkeo," nilisema kwa mazoea.

Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Shangazi yupi, mzee? Mke wangu alikuwa na shangazi mmoja tu, na jeneza lake nililibeba mimi, kwa bega hili."

Mshonaji alikuwa nyuma yake kwenye cherehani, pini amezibana midomoni. Alizitoa moja moja.

"Ni shangazi wa upande wa mama," alisema.

"Wa upande wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Lini akawa shangazi?"

Mshonaji alianza kuzichomeka pini kwenye kitambaa.

"Karibu ndani, mzee," mume alisema. "Jirani ameniambia habari zako. Shangazi gani huyu anayetuma salamu kila mwisho wa mwezi kama mwenye nyumba? Au shangazi mwenyewe ana ndevu, naye ndiye wewe?"

Niliketi. Sikulelewa kusema uongo, wala kutoa siri isiyo yangu; kwa hiyo nilinyamaza. Mshonaji alinitazama, akamtazama mumewe, akaona ukimya wangu ulivyokuwa ukieleweka.

"Shangazi ni dawa," alisema, kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja kwamba gauni halijawa tayari. "Za virusi. Nilianza kuzimeza kabla hujanijua. Zimekwisha jana."

Mume alikaa kitako juu ya marobota ya vitambaa.

"Ungeniambia."

"Ungenioa?"

Niliitoa chupa nikaiweka mezani, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha. Mume aliichukua, akafungua kifuniko, akavuta pamba yote na kuiweka kando. Kisha akaitikisa sikioni, akasikiliza vidonge vikigongana. Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji. Hakumpa mkewe mkononi. Alikiweka kando ya cherehani, akageukia dirishani. Mkewe akameza.

Nilipaswa kuhisi kitu. Niliaga.

Mume alinifuata hadi mlangoni.

"Mzee. Huyo shangazi, na mimi ananijua?"

"Hatakujua mpaka upimwe."

"Kituo cha kupimia kinafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

Alirudi ndani kuchukua viatu. Nilimsikia akisema, "Natoka kidogo," na mkewe akiitikia, "Haya," kama siku yoyote. Alipotoka alitangulia mbele, wala hakuniuliza njia. Nyuma yetu cherehani ilianza kulia. Ya miguu ile, haijali umeme.