Watu wa Mifuko ya Karatasi

Jumuiya ya Wataiwani wa kaskazini mwa Virginia ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, kamati iliamua picha zake za zamani zitundikwe ukumbini siku ya sherehe, na kazi hiyo ikamwangukia Makena. Hakuwa Mtaiwani. Alikuwa Mmeru, mzaliwa wa Nkubu, mtaalamu wa kompyuta aliyeishi Falls Church na mumewe Eric Lim na watoto wao wawili. Lakini miaka aliyokaa katika ukoo wa mumewe, wa Kitaiwani, ilikuwa imeshamfanya mwenyeji. Alijua ni wimbo gani huimbwa kwanza na ni mzee gani asiyesikia kwa sikio la kushoto. Alijua pia kwamba mtu akikuuliza "Chiah-pa-boe?", yaani umeshakula, hataki habari za tumbo lako, anakusalimu. Siku aliyoitikia salamu hiyo kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa, akina mama wa jikoni walimpigia makofi wakiwa na masufuria mikononi.

Picha zilikuja ndani ya maboksi ya viatu, kutoka Fairfax, kutoka Woodbridge, hata kutoka ng'ambo ya mto kule Maryland. Makena alipenda kuzitazama. Kulikuwa na vijana wa kiume wenye miwani mikubwa wakisukuma gari lililokwama kwenye theluji. Kulikuwa na watoto waliovalishwa nguo za ngoma na sura zao zimekasirika. Kulikuwa na wanawake wakifunga wali kwa majani ya mwanzi katika chumba cha chini ya kanisa, huko ilikozaliwa jumuiya hiyo zamani ilipokuwa haina hata kiti chake.

Halafu ikatokea moja isiyofanana na nyingine. Watu tisa wamesimama mbele ya jengo fulani mjini Washington, theluji miguuni, mabango mikononi. Kila mmoja amejivika kichwani mfuko wa karatasi, ule wa kaki wa dukani, uliotobolewa matundu mawili ya macho.

Aliipeleka kikaoni. Mwenyekiti, daktari wa meno aitwaye Grace Ong ambaye alikuwa hajafika hata miaka arobaini, aliigeuza akakuta nyuma yake pameandikwa 1980, basi.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza.

Wazee waliokaa upande wa dirisha walitazamana. Mmoja alivua miwani akaanza kuifuta. Mwingine alisema ni zamani sana.

"Sawa," Grace alisema. "Andika chini yake: Wanachama wasiojulikana."

Makena aliandika. Ila alimwona mama mkwe wake, Mama Siok-chin, ameinamia kikombe chake cha chai kana kwamba kuna kitu kimetumbukia ndani.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwa mama mkwe kumsaidia kufunga bah-tsang za sherehe. Hizo ni pembetatu za wali wa kunata zenye nyama, uyoga na karanga, zinazofungwa kwa majani ya mwanzi na kuchemshwa. Mama Siok-chin alikuwa na miaka sabini na sita, na vidole vyake vilifunga kamba bila macho kusaidia. Makena alimwita Mama, kama ambavyo angemwita mkwe wake kule Meru. Maongezi yao yalikuwa Kiingereza kilichochanganywa na Kitaiwani, na Kiswahili kidogo alichookota bibi kwa kumsikia Makena akigombeza watoto, kwa hiyo Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha.

"Haraka," alisema sasa, akimsukumia Makena bakuli la uyoga.

Makena alicheka. Kisha akasema, "Watoto hawa nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Nawasemesha Kimeru wanacheka. Na mimi siwezi kuwalaumu sana, Mama. Shuleni kwetu kulikuwa na kitu tulikiita disc. Kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika ukiongea Kimeru unavishwa shingoni, na hukivui mpaka umnase mwenzako umvishe."

Mikono ya Mama Siok-chin ilisimama.

"Na nyinyi?" aliuliza.

"Nyinyi pia?" Makena alishangaa.

"Kwetu ulikuwa ubao. Umeandikwa kwamba lazima tuseme lugha ya taifa, yaani Kimandarini. Niliuvaa kutwa nzima kwa sababu nilimwita dada yangu aje ale, nikamwita kwa Kitaiwani." Aliokota jani jingine, akalikunja. "Watu wakisimulia hadithi hiyo husema aibu. Aibu si kitu. Ubaya wake ni hapo pa kumnasa mwenzako. Unafundishwa ungali mdogo kutega sikio kwa jirani yako."

Makena alingoja. Alikuwa amejifunza kwamba mkwe wake ukimuuliza hunyamaza, na ukinyamaza huendelea.

"Tulipokuja Amerika tulidhani tumeuacha ubao nyumbani," Mama Siok-chin alisema. "Nyumbani kulikuwa na utawala wa kijeshi. Huku tulikuwa wanafunzi, tunakutana pale chini ya kanisa, tunapika, tunaimba nyimbo zetu. Kisha mmoja wetu alisema neno juu ya serikali kwenye mkutano, na baada ya wiki chache baba yake akaitwa kuhojiwa kule Tainan. Nani alipeleka neno hilo? Hatukujua. Lakini tulijua lilitoka chumbani mwetu. Ndiyo maana ya ile mifuko. Viongozi wa upinzani walipokamatwa nyumbani tulitaka kuandamana, na atakayeonekana uso jina lake litaingia kwenye orodha ya wasioruhusiwa kurudi."

"Mama, unawajua wale watu."

"Wa tatu kutoka kushoto ni mimi."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kisha akafunga fundo.

"Nilifunika uso nikasahau koti," aliendelea. "Nililishona mwenyewe. Kola kubwa, vifungo vya mbao. Katika mji huu hapakuwa na koti jingine kama hilo. Miaka minne baadaye baba yangu akaugua. Nikaenda kwenye ofisi ya serikali yetu huku kuomba karatasi za safari. Yule ofisa hakuniuliza lolote. Aliweka picha mezani, akaweka kidole juu ya koti. Baba alizikwa bila mimi. Eric alikuwa bado hajaota meno."

Makena aliweka chini bakuli.

"Na bado uliendelea kwenda kwenye jumuiya?"

"Jumamosi iliyofuata nilikwenda kupika."

"Ukijua kwamba aliyekutaja..."

"Alikuwa akila wali wangu. Ndiyo." Alivuta jani jingine. "Tulikuwa kama familia thelathini. Ningemshuku mmoja, ningewapoteza wote. Na kama ningejifungia nyumbani, aliyenichongea angekuwa amenishinda mara mbili. Nikasema sitaki kumjua. Nataka watoto wetu wawe na mahali pa kuimba." Kisha akamtazama Makena usoni. "Eric anajua babu yake alikufa, basi. Usimwambie. Nikitaka, nitamwambia mwenyewe."

Makena aliahidi. Asubuhi ya kutundika picha alikuja na rafiki yake Flaviana, mhasibu kutoka Bukoba, aliyekuwa na ngazi na mdomo usiochoka.

"Hawa watu miaka hamsini," Flaviana alisema akiwa juu ya ngazi. "Sisi Watanzania jumuiya yetu ina miaka saba, tumeshagawanyika mara mbili, kisa nani ata-MC sikukuu ya Uhuru. Hivi hawa hawagombani?"

"Wanagombana," Makena alijibu. "Lakini kesho yake wanakuja kupika."

Flaviana alitundika picha ya mifuko, akasoma maandishi yake. "Wasiojulikana. Masikini."

Makena alishika ngazi. Kubadilisha maneno yale kungekuwa kuvunja ahadi, na kuyaacha kulimuuma. Akayaacha.

Siku ya sherehe ukumbi wa Fairfax ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Walikuja wazee kwa fimbo na viti vya magurudumu, wakaja wajukuu wenye simu mikononi, wakaja Wamarekani walioolewa na waliooa. Eric alikuwa jukwaani kama mfasiri. Kitaiwani chake kilikuwa cha nyumbani, cha kula na kulala, lakini katika rika lake hakuna aliyemzidi. Mama yake alipangiwa dakika tano za kueleza historia ya jiko la jumuiya.

Kabla ya zamu yake, Mama Siok-chin alizunguka kutazama picha. Makena alimfuata kwa macho. Alimwona akicheka mbele ya picha ya gari kwenye theluji. Alimwona akifika kwenye ile ya mifuko, akikaribia, akisoma. Kikaoni aliyasikia tu maneno yale; sasa aliyaona ukutani, chini ya koti lake. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

Alipanda jukwaani, akasogeza kando maneno aliyokuwa ameandikiwa.

"Nilikuja kuzungumza habari za wali," alisema kwa Kitaiwani, na Eric akatafsiri. Watu wakacheka. "Lakini ukutani pameandikwa kwamba kuna watu wasiojulikana. Nani kasema hatujulikani?"

Eric alitafsiri nusu, akasita, kisha akamalizia. Upande wa dirisha, wazee walikuwa wameinua vichwa.

"Kwenye picha ile kuna mwanamke mwenye koti la vifungo vya mbao," Mama Siok-chin alisema. "Wa tatu kutoka kushoto. Ni mimi. Tan Siok-chin, wa Chiayi."

Ukumbi ulitulia, ukimngoja mfasiri. Eric alikuwa amemgeukia mama yake. Mama yake hakumwonea huruma. Alimwashiria kipaza sauti kwa kidevu, kama anayemwambia mtoto amalize chakula chake.

"Wa tatu kutoka kushoto," Eric alisema kwa Kiingereza, "ni mimi." Akasogeza kipaza sauti. "Ni mama yangu."

Mama Siok-chin aliendelea taratibu, kipande kwa kipande, na mwanawe akafuata nyuma yake. Aliwaambia juu ya ofisa na kidole juu ya koti. Aliwaambia juu ya mazishi aliyoyasikia kwa simu. Eric alitafsiri kwamba Mama alizuiwa kurudi mpaka miaka ya tisini, na alipofika kaburini majani yalikuwa yamemfika magotini.

"Tulivaa mifuko kwa sababu tuliogopa," Mama Siok-chin alisema mwishoni. "Lakini tulikwenda. Mtu akiogopa akakaa nyumbani, hakuna wa kumlaumu. Sisi tuliogopa na tukaenda, kisha tukarudi tukapika, na kwa hiyo leo mna ukumbi. Andikeni majina yetu."

Kwanza ilisikika fimbo ikigonga sakafu. Mzee Ong, babu yake Grace, yule aliyekuwa akifuta miwani kikaoni, alikuwa akijitahidi kusimama.

"Wa mwisho kulia," alisema. "Mimi. Wakati ule nilikuwa na nywele."

Watu wakacheka na kulia pamoja. Grace aliziba mdomo kwa mkono wake. Kisha mjane mmoja kutoka Woodbridge akasema yule mrefu wa katikati ni mume wake, kwa kuwa bango lile yeye mjane mwenyewe ndiye aliyeliandika mezani kwake na herufi moja aliikosea, tazameni. Wakatazama. Kweli ilikuwa imekosewa. Mwingine akajitaja, na mwingine akamtaja marehemu kaka yake aliyepotelea gerezani kule nyumbani. Makena alichukua kalamu nene, akayafuta maneno yake, akaanza kuandika majina kama alivyosomewa, huku akina mama wa jikoni wakimsahihisha herufi.

Mtu mmoja wa tisa hakutajwa na yeyote. Makena alimtazama mkwe wake.

"Mwachie nafasi," Mama Siok-chin alisema. "Anaweza kuja. Au mtoto wake."

Grace alikuja kuomba radhi kwa neno lile la wasiojulikana. Mama Siok-chin alimkatiza, akampa bah-tsang mbili, moja yake na moja ya babu yake, akamwambia wazile zingali moto.

Flaviana, aliyekuwa amealikwa na Makena, alisimama kando akijipangusa macho kwa kitambaa cha karatasi. "Nawapigia simu wale wenzetu wote, wa pande zote mbili," alisema. "Leo hii hii. Hatuwezi kushindwa na jambo la MC."

Walirudi nyumbani jioni ingali na mwanga. Barabara kuu ya kuzunguka mji ilikuwa imejaa magari, na Eric aliendesha bila kuwasha redio. Watoto walikaa nyuma, bibi yao katikati. Makena aliweka mkono juu ya bega la mumewe, naye akaugusa kwa shavu lake.

"Ulijua," Eric alisema.

"Tangu Alhamisi. Lilikuwa la kwake kusema."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akajaribu jambo ambalo Makena hakuwahi kumsikia akilijaribu. Alimwambia mama yake kwa Kitaiwani, si Kitaiwani cha kula na kulala bali sentensi ndefu yenye vikwazo, kwamba anajivunia kuwa mwanawe. Neno la kujivunia hakulijua vizuri. Alilisema akasita, akalirudia.

"Si hivyo," Mama Siok-chin alisema kutoka nyuma. "Hapo sauti inashuka. Wewe umeipandisha. Sema tena."

Alisema tena.

"Bado."

Mtoto mkubwa akajaribu naye, akalipata mara ya kwanza, na bibi yake akamfinya shavu. Eric alilisema tena, na tena, wote wanne wakimsahihisha, mpaka walipochepuka kuingia Falls Church.