Sabuni ya Mwanamke Mwingine

Mjomba wake ndiye aliyembandika jina la Pua, zamani akiwa bado msichana, siku aliponusa maharage yanaungua nyumba ya tatu huku mwenye maharage mwenyewe amekaa jikoni anapiga soga. Jina likamganda. Akaolewa nalo, akafungua nalo kibaraza cha kushona sare za shule, na baada ya miaka ya kungoja na kunong'onwa na mawifi, akashika nalo mimba yake ya kwanza. Na mimba haipunguzi pua. Pua alinusa mvua kabla haijafika na jirani aliyegombana na mswaki.

Sasa mumewe alikuwa na akili gani, siku ile alipoingia nyumbani jioni ananukia waridi?

"Umeoga wapi?" Pua akamuuliza, mguu bado uko kwenye cherehani.

"Kazini. Ndiyo utaratibu wao pale. Tukimaliza kazi tunaoga, tunabadili nguo, ovaroli zinabaki kule kule kufuliwa."

"Zinafuliwa na nani?"

"Kuna mama mmoja ameajiriwa."

"Mama, au dada?"

Mume akajikuna shingo. Wiki ile ile alikuwa ameanza kazi kwenye karakana ya betri. Walizipasua betri kuukuu za magari, wakatoa mabamba ya madini ya risasi, wakayayeyusha yatumike upya. Moto wa tanuru haukumtisha, ila maswali ya mkewe yalimtoa jasho. "Tunamwita Povu," akasema. "Mchangamfu tu, hana neno. Hata hiyo sabuni ya waridi kaileta yeye, tunukie vizuri."

Kuna wanaume hawajui pa kunyamazia, na fundi betri alikuwa kiongozi wao. Wivu ulimpanda Pua. Povu! Yaani wamefika mpaka kwenye majina ya utani. Akamwona kabisa huyo Povu akiikunjua kola ya mume wa mtu, akijua jasho lake linakaa wapi, akimtia mikono mifukoni. Kumfulia mtu nguo ni kumjua, na wa kumjua yule mwanamume alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa kwenye cherehani na tumbo lake.

"Kuanzia kesho ovaroli zinakuja nyumbani," akasema. "Na wewe utaoga nyumbani. Mke unaye."

"Bosi kakataza. Anasema lile vumbi si la kwenda nalo nyumbani, hasa kama kuna…" Akalitazama tumbo.

"Vumbi! Nyumba gani haina vumbi? Leo kapatikana Povu, vumbi nalo limegeuka sumu?"

Fundi betri hakupenda ugomvi, seuze ugomvi na mwenye mimba iliyongojwa namna ile. Angesema hapana siku ile, hadithi ingeishia hapa. Alikubali shingo upande, na kesho yake akatoka karakana bila kuoga, ovaroli ameificha kwenye mfuko wa sokoni.

Tangu hapo kila jioni ikawa ni kazi moja. Pua alipokea mfuko, akaingia nao chumbani, akafunga mlango ili majirani wasimwone, maana hata yeye alijua mambo yale hayana heshima. Aliikung'uta ovaroli juu ya kitanda, akapindua mifuko nje ndani, kisha akaizamisha pua. Kola kwanza. Kisha makwapani. Kisha kifuani, pale ambapo mwanamke angelaza kichwa. Vumbi laini la kijivu lilimpanda puani, akapiga chafya, akajipangusa kwa kiganja kile kile, akaendelea. Jasho lilikuwepo, moshi ulikuwepo, waridi hakuna. Moyo ukamtulia, akaenda kula kwa furaha bila hata kunawa vizuri. Na lile vumbi lenyewe halikuwa na harufu yoyote, kwa hiyo pua ile yenye sifa mtaa mzima haikuwa na cha kumwambia.

Lakini wivu haushibi. Siku moja mchana alijitia anampelekea mumewe chakula, akaenda kumwona huyo mtu kwa macho yake. Alimkuta nyuma ya karakana, ameinama kwenye beseni. Alikuwa na mwanya, alikuwa na kiuno, tena alikuwa na kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Amevaa glavu ndefu na barakoa imening'inia kidevuni. Pua akasonya moyoni: mfua nguo kujivika kama daktari wa upasuaji!

"Wifi, karibu!" Povu akamwita, meno yote nje. "Ndiye wewe mke wa fundi wetu? Hongera kwa mzigo."

"Ahsante." Wifi tangu lini, Pua alijisemea. Anajifanya dada wa mume wangu ili apate kumzoea vizuri.

Povu akapunguza sauti. "Wifi, nguo za mumeo siku hizi sizioni. Kama unafua wewe, acha. Si kazi ya mtu mwenye tumbo. Niletee mimi."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Niletee mimi! Mbele ya mwenye mume, mchana kweupe! "Mume wangu nitamfulia mpaka nife," akajibu, akageuka na chakula chake, mumewe akashinda na njaa.

Njia nzima alitembea kwa maringo, kama aliyeshinda kesi.

Kliniki ndiko alikonyweshwa dawa chungu. Mkunga alimlaza, akatandaza utepe wa kupimia juu ya tumbo, kutoka juu hadi chini. Sasa Pua utepe anaujua, ndio unaomlisha. Aliinua kichwa akaisoma namba kabla ya mkunga, akaona ni ile ile ya mara iliyopita.

"Umepima vibaya," akasema.

Mkunga akapima tena. Akamtazama. "Mtoto hakui inavyotakiwa, mama. Unakula?"

"Nakula mpaka naona haya."

Mkunga akauliza ya sigara, ya pombe, ya malaria, kote hapana. Akauliza kazi ya mume. Aliposikia betri, aliweka kalamu chini, akamtoa damu, akaipeleka kupimwa hospitali kubwa. Majibu yalipokuja alifunga mlango kwanza.

"Damu yako ina madini ya risasi, kupita kiasi. Na yakiwa kwenye damu ya mama yanavuka mpaka kwa mtoto. Unashika betri?"

"Mimi? Mimi nashona sare."

"Nani anafua nguo za kazi za mumeo?"

"Mimi," Pua akasema, na sauti ilianza na fahari ikaishia chini kabisa.

"Kabla ya kuzifua unazikung'uta?"

"Ndiyo. Chumbani."

"Chumbani? Kwa nini si nje?"

Pua akaukunjakunja upindo wa gauni. "Nje watu wataniona. Huwa nazinusa."

"Unanusa nini?"

"Mwanamke."

Mkunga hakucheka. Pua alitamani acheke, amtukane, amwite mjinga, lolote. Badala yake alimweleza taratibu kwamba lile vumbi ndiyo hiyo hiyo risasi, kwamba kila alipolivuta na kila alipokula nalo mkononi lilikuwa linaingia. Nguo zisije tena nyumbani. Chumba kipanguswe kwa kitambaa kibichi, asipanguse yeye. Pua alisikiliza, kichwani anaona kitanda chake, na yeye amekiinamia jioni baada ya jioni, uso ndani ya ovaroli, na mtoto wake tumboni ananusa naye.

Nyumbani mume alipoambiwa aliketi sakafuni. "Bora ningekukatalia," akasema. "Bosi alituambia. Nilijua, nikaogopa kelele zako." Wakalia wote wawili, kila mmoja na kosa lake, kisha mume akaenda kuchota maji akapangusa chumba mpaka kwenye chaga za kitanda.

Ovaroli Pua aliipeleka mwenyewe, mfuko ameushika mbali na mwili kwa ncha za vidole. Povu alivaa glavu kabla ya kuupokea.

"Hukunisikia, wifi."

"Nilikusikia. Nilidhani unamtaka."

Povu akamtazama, kisha kile kicheko kikamtoka, kidogo tu, akakikatisha. "Wake za mafundi wa hapa wote huanza hivyo. Nenda nyumbani ukapumzike."

Pua alijikaza kisabuni mpaka alipofika kona.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kike, kabla kidogo ya wakati wake. Muuguzi akamweka kwenye mizani: kilo mbili na gramu mia moja. Kitanda cha pili kulikuwa na mama na dume lake la kilo tatu na nusu, mashavu kama anapuliza moto. Pua alimwonea wivu yule mama, akamwonea wivu hata muuguzi aliyelalamika kwamba dume lile ni zito. Alikuwa amepata kuonea watu wivu kwa mume, kwa nguo, kwa wateja. Kwa nyama ya mashavu, hii ilikuwa mara ya kwanza, na iliuma kuliko zote.

"Ni mimi?" akamuuliza mkunga.

"Risasi inaweza kumpunguza mtoto uzito. Lakini wapo wanaozaliwa wadogo bila risasi. Siwezi kukuapia kuwa ni hiyo, wala siwezi kukuapia kuwa siyo. Ananyonya, anapumua vizuri. Tutamfuatilia anavyokua."

Pua alitaka jibu moja, lolote lile, apate kulishika. Hakupewa.

Mara mumewe akaingia wodini mbio. Alikuwa amepata simu yupo kwenye tanuru, hakungoja kitu. Ovaroli mwilini, jasho usoni, mikono ameinyoosha.

"Simama hapo hapo!" Pua akamgeuzia mtoto ukutani.

"Mke wangu, nimshike tu kidogo."

"Hunukii."

"Sinukii nini?"

"Waridi. Rudi kwa Povu ukaoge. Vaa nguo alizofua yeye, ndiyo uje."

Mama wa dume alisahau kunyonyesha, akabaki kamtumbulia macho mwanamke anayemfukuza mumewe aende kuogea kwa mwanamke mwingine. Fundi betri hakubisha. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, mikono ameiweka mgongoni, akaondoka.

Aliporudi nywele zilikuwa bado zinadondosha maji, shati limenyooka vizuri. Pua akamwita karibu, akamvuta kola, akazamisha pua. Akanusa shingo. Akanusa viganja, kidole baada ya kidole. Waridi tupu, kila mahali. Wivu ukamchoma pale pale, mbichi kama siku ya kwanza, machozi yakamlengalenga. Akanusa tena apate uhakika, kisha akampa mtoto.