Shangazi Anashuka Baraka Kuona Mafiga

Miaka yote aliyokaa ukimbizini kule milimani Fizi, Isidore aliusifu mji wake wa Baraka mpaka watu wakamchoka. Ukilalamika baridi, Baraka kuna joto. Ukila sombe, majani ya muhogo, bila samaki, Baraka ndagala karibu zinajipika zenyewe. Na nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake, hiyo ndiyo usiseme: mabati juu, baraza mbele, dirisha linatazama ziwa.

Kwa hiyo alipomposa Ketsia, wazee wa binti hawakumsumbua kwa maswali. Walimkumbusha tu kwamba katika ukoo wao binti haolewi mahali ambapo shangazi yake hajaona mafiga. Vita au si vita, shangazi anakwenda, anaingia jikoni, anayatazama yale mawe matatu, anarudi kusema. Akirudi na neno baya, kila mtu anashika njia yake.

Shangazi mwenyewe alikuwa Mama Pulchérie, dada ya Alphonse, baba yake Ketsia. Alikuwa na uso ambao huwezi kujua kama unataka kucheka au jino linauma.

Isidore alikubali kwa furaha, kisha akaenda nyuma ya choo kuogopa peke yake. Nyumba ile aliiacha kwa kuruka dirishani risasi zikilia, na siku hiyo hakupata nafasi ya kugeuka kuiaga.

Huo ulikuwa mwaka 2003. Redio ilishatangaza kwamba vita vimekwisha, lakini watu wa bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, hawakuwa na redio. Kwenye mteremko, askari mmoja mwenye kandambili za rangi mbili aliwasimamisha Isidore na shangazi.

"Munaenda wapi?"

"Baraka, afande," Isidore alisema.

"Kufanya nini?"

Isidore alifungua mdomo, shangazi akamtangulia. "Kutembea. Kuangalia mji."

Askari alimwita mwenzake aliyekuwa amelala kivulini. "Kuya usikie. Hawa banaenda kutembea Baraka."

Mwenzake aliinua kichwa. "Kule kuko nini?"

"Nikifika nitajua," shangazi alisema.

Askari waliwanyang'anya ndizi zao za njiani, wakasema ni kwa ajili ya usalama. Usalama wa nani, hawakusema.

Waliingia Baraka alasiri. Isidore alikuwa amekariri matembezi hayo kichwani tangu Fizi, na hakuona sababu ya kuyabadilisha kwa kuwa mji umebadilika.

"Hapa ni soko, shangazi."

Shangazi alitazama majani yaliyofika kiunoni na mbuzi mmoja katikati yake. "Naona."

"Na hapa, wazee wanasema, ndipo watu wa pwani walishukia zamani wakitoka Ujiji."

"Balikuya kufanya nini?"

"Biashara. Pembe za tembo. Na batu."

"Na mahali pakaitwa Baraka."

Isidore alikohoa, akaonyesha upande wa pili. "Ile ni nyumba ya Kassimu, muuza vitambaa. Hakuna mutu hapa hakuijua."

"Ile yenye muti ndani?"

"Muti ni mupya."

"Naona."

"Na lile ni ziwa."

Shangazi alisimama, akalitazama muda mrefu. "Hilo halikubebeka," alisema.

Walipokaribia nyumba yenyewe, Isidore aliongeza mwendo. Kuta zilikuwa zimesimama. Baraza lilikuwepo. Mabati yalikuwa yameondoka, na milango na dirisha lile maarufu vilikuwa vimeyafuata. Chumba kimoja kilikuwa kimefunikwa turubai. Na jikoni, moshi ulikuwa unatoka.

Mwanamke alikuwa ameinama juu ya mafiga akisonga bugali, na watoto watatu wamekaa wakiusubiri. Alipoona jinsi Isidore anavyozitazama kuta, moja baada ya nyingine, aliacha kusonga. Hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani.

"Mi naitwa Clarisse," alisema. "Tulikimbia Lulimba. Nilijua mwenye nyumba atakuya siku moja. Mungoje tu batoto bakule, tutatoka."

Watoto walimtazama Isidore kama watu wanaotazama bariyeri.

Shangazi alimvuta Isidore mpaka ukumbini, pale ambapo palikuwa na ukumbi.

"Sikia, mutoto yangu. Mabati munaweza kutafuta. Lakini mafiga ya hii nyumba iko na moto ya mwanamuke mwingine. Ketsia hawezi kuingia ku moto ya mwingine. Muambie atoke leo, nione mafiga baridi, nikaseme ku nyumba kama nimeona."

Juu ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, wingu lilikuwa limekaa jeusi kama chungu. Isidore alimfikiria Ketsia, akazifikiria jioni zote alizomwelezea dirisha. Kisha akaenda jikoni kusema lililotakiwa kusemwa.

"Ile turubai," alimwambia Clarisse, "inavuja upande gani?"

"Hapa ku kona."

Alirudi ukumbini. "Shangazi, sitaweza."

"Hutaweza nini?"

"Kubafukuza. Mvua inakuya."

"Weye unajua maana yake?"

"Najua."

"Utarudi Fizi kufanya nini basi?"

"Kuchukua vyombo vyangu," Isidore alisema. Na kwa kuwa ulimi wake haukuzoea kukaa bure, akaongeza, "Lakini ziwa umeliona."

"Nimeliona."

Mvua ilikuja, wakalala wote chini ya turubai, mbali na kona. Asubuhi shangazi alishuka ziwani na Clarisse, kisha akakaa naye jikoni kitambo, mlango haupo lakini Isidore hakuthubutu kusogea. Kisha wakapanda kurudi Fizi. Kwenye bariyeri, askari walipouliza mji ulikuwaje, shangazi aliwaambia waende wakatembee.

Alphonse aliwapokea uani, Isidore akapewa ukingo wa benchi.

"Mafiga umeyaona?"

"Nimeyaona," shangazi alisema. "Mabati hakuna. Milango hakuna. Mwanamuke wa Lulimba anapika hapo na batoto yake. Nilimuambia huyu abafukuze, akakataa."

Alphonse alimgeukia Isidore kwa ile huruma ya mtu anayefunga mkutano. "Basi, kijana, imeisha."

"Bado," shangazi alisema. "Alphonse, mi uliniozesha ku nyumba ya mabati mupya. Kila mulango na kufuli yake. Ulikuya kuniokota wapi?"

Alphonse alitazama miguu yake. Alimwokota barabarani, na sufuria kichwani, siku ya mvua.

"Nimepatana na yule mama," shangazi aliendelea. "Atabaki mpaka avune muhogo yake. Ketsia nimemuwekea mafiga ku baraza, mawe nimechagua mi mwenyewe kule ziwani."

Isidore alitoka kwenye ukingo, akakaa katikati ya benchi.

Ketsia alichungulia kutoka ndani. "Shangazi, ni kweli mji ni muzuri?"

Shangazi alifikiri.

"Beba jembe," alisema.